Wapagazi wa Fundi Asajile

Juma lililopita mlinifanyia chai ya kuniaga, mkanipa kitenge na saa ya ukutani, na mmoja wenu akaniuliza mbele ya wote, "Mama, unajuaje kwamba kazi imefika?" Nilijibu kwa mzaha kwamba kazi imefika pale mwenyewe anapokuja kuichukua. Mkacheka, tukala maandazi. Nilipofika nyumbani nikaona nimewapunja. Swali lile niliwahi kujibiwa sawasawa nikiwa kijana, na fundi aliyenijibu sijamtaja mbele yenu hata mara moja katika miaka yote tuliyokaa karakana moja.

Sasa nimestaafu. Macho hayashiki tena mstari mwembamba, na mchana ni mrefu. Mambo ya mshahara na vyeo sitayagusa, maana mshahara ulikwisha na cheo sikupata. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na jambo moja nililolifanya kwa brashi yangu mwenyewe ambalo ninyi mnaoniita mama mnapaswa kulijua.

Kazi ya rangi niliianza kwa watakatifu. Nilizaliwa Uhehe, karibu na misheni iliyo mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Iringa mjini. Masista walikuwa na chumba cha kutengenezea sanamu za kanisani zilizobanduka kwa unyevu au kuangushwa na wanaofagia. Sista Benedikta, mtawa mzee mwenye ulimi mkali, aliniweka pale nilipomaliza darasa la sita kwa sababu nilikuwa nakaa kimya. Alinifundisha macho. Jicho, alisema, halianzi na weupe, linaanza na kivuli cha nyusi; na macho mawili lazima yatazame mahali pamoja, maana mtakatifu mwenye makengeza anaharibu misa nzima.

Alikuwa na sharti moja alilolishikilia kuliko yote: brashi isiguse mdomo. Wakati ule waumini tulifunga tangu usiku wa manane mpaka komunyo ya asubuhi, maji hata tone hapana, na Sista alisema anayelamba brashi amekula. Kwa hiyo ncha ya brashi tuliinyoosha kwa kitambaa chenye unyevu tulichokifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Ilikuwa inachelewesha kazi. Niliizoea kama nilivyozoea rozari, bila kuuliza.

Niliolewa na Patrisi, karani wa ghala la mahindi, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini akahamishiwa Mbeya. Tulipanga chumba Mwanjelwa, ambayo siku zile ilikuwa mashamba ya watu na vibanda vichache. Baridi ya Mbeya mnaijua. Ilimshika Patrisi kifuani mwezi wa sita wa mwaka wetu wa pili, na kabla mwezi wa saba haujaisha nilikuwa mjane mwenye mtoto wa kike wa miezi minane, Tekla. Matanga yalipoanuliwa, shemeji yangu mkubwa alikaa nami siku tatu. Siku ya tatu alisema, "Funga mizigo. Nyumba yako iko kwangu." Alikuwa na wake wawili tayari, pamoja na ubatizo wake. Nilimwomba mwezi mmoja. Mwezi ule nilizunguka mji mzima na barua ya Sista Benedikta nikitafuta mtu mwenye kazi ya rangi, na mtu niliyempata alikuwa anatengeneza wanajeshi.

Watu walimwita Bwana Risasi. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye kikohozi, aliyeishi chini ya mlima Loleza. Miaka mingi alikuwa Chunya akichimba dhahabu, na dhahabu ilipomshinda akateremka Mbeya na vitu vitatu: chungu cha kuyeyushia madini, mivukuto, na kikohozi hicho. Pale nyuma ya nyumba yake aliyeyusha risasi, ile madini nzito ya kijivu, akaimimina kwenye kalibu, akatoa askari wenye urefu wa vifundo viwili vya kidole. Wateja wake walikuwa maofisa wa zamani waliostaafu jeshini wakachukua mashamba kati ya Mufindi na Iringa. Wanaume wazima hawa walikuwa na meza kubwa kama vitanda viwili, zenye vilima vya mchanga na miti ya sifongo. Walipanga majeshi yao pande mbili, wakapima mwendo kwa rula, wakarusha dado kuamua nani amekufa. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Lakini askari walihitaji nguo, na nguo zao zilikuwa rangi, na rangi ilihitaji mkono.

Siku ya kwanza Bwana Risasi alinipa mpiga ngoma mmoja aliyebandikwa kwa nta juu ya kipande cha mwanzi, akaniambia nimpake koti jekundu. Nilikaa dirishani tangu asubuhi mpaka saa tisa. Nilimpa mashavu, nyusi, macho mawili yanayotazama mahali pamoja, na midomo kama ya Mtakatifu Aloisi. Aliyekuja kukagua hakuwa Bwana Risasi. Alikuwa fundi mwenyewe wa karakana, Asajile, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye mabega mapana na kovu la vita vya Burma shingoni. Kabla ya vita alikuwa mpaka rangi wa nyumba na mchora vibao vya maduka. Alimgeuza mpiga ngoma wangu mara mbili.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe chetu, kwa kejeli kidogo.

"Kamwene, fundi."

"Huyu umemtia macho."

"Ndiyo, fundi. Vibaya?"

"Vizuri mno. Ila huyu ni wa meza. Wa meza hana macho." Akamrudisha mkononi mwangu. "Atasimama na wenzake mia. Mtu anawatazama akiwa wima, hatua mbili mbali. Kwa mbali ile jicho likichorwa ni doa tu, anaonekana ana ugonjwa. Kazi imefika ikitosha mahali inapokwenda. Usizidishe, usipunguze. Umekula siku nzima kwa mtu mmoja."

Basi jibu la swali lenu ndilo hilo, na nililipata siku yangu ya kwanza.

Madaraja yalikuwa matatu, na majina tuliyapa sisi wenyewe. La chini ni wa meza: rangi ya chini, koti, suruali, ngozi, bunduki, basi. Uso unapakwa rangi moja na kivuli chembamba chini ya kofia, na jicho la mtazamaji linajaza lililobaki. La kati ni wa mkono, yaani atakayenyanyuliwa na kutazamwa kiganjani: sajini, mshika bendera, mpiga tarumbeta. Huyu anapata mishipi myeupe iliyonyooka, vifungo, kivuli kwenye mikunjo ya nguo, na nukta mbili za macho. La juu ni wa kabati. Wa kabati ni jenerali na farasi wake, anakaa nyuma ya kioo na wageni wanaletewa taa wamtazame. Huyo anapewa kila kitu, mpaka mshipa wa mkononi. Wa meza nilijifunza kumaliza kumi na wawili kwa siku. Wa kabati mmoja alikula wiki.

Msidhani daraja la chini ni kazi mbaya. Asajile alilikasirikia wazo hilo. Kazi mbaya ni rangi nzito inayoziba vidole, ni mstari uliotoka nje, ni askari wa kumi asiyefanana na wa kwanza. Alikuwa anawapanga wa meza mia moja sakafuni, anapanda juu ya kiti, anawatazama kwa muda mrefu, kisha anaonyesha kwa kidole cha mguu: yule, yule, na yule. Walirudi kwenye tapentaini.

Kazi ngumu zilikuwa farasi wa madoadoa na hali ya hewa. Kiangazi vumbi lilipanda kutoka barabarani likalala juu ya vanishi mbichi. Majira ya baridi rangi ya mafuta ilikataa kukauka, tukawa tunawaweka askari ndani ya sanduku la bati karibu na jiko la mkaa. Siku moja nililisogeza jiko karibu mno. Tulipofungua, kikosi kizima cha makoti mekundu kilikuwa na malengelenge kama wagonjwa wa ndui. Bwana Risasi alikitazama, akakohoa, akasema labda tumtafute mteja mwenye hospitali. Sikumwona akicheka siku nyingine.

Brashi nzuri zilitoka Ulaya na zilichelewa. Asajile alitengeneza zake kwa singa za mkia wa nguchiro, zikafungwa kwa uzi ndani ya shina la unyoya. Zilikuwa nzuri kuliko za Ulaya kwa kazi ya kabati, ila ncha yake ilitaka kunyooshwa kila baada ya mstari mmoja. Yeye aliinyoosha mdomoni. Alichovya, alipaka, alipitisha brashi katikati ya midomo, alichovya tena. Siku nzima, bila kujua anafanya, kama mtu anayepumua. Ndivyo walivyofanya wapaka rangi wote niliowaona baadaye. Aliponiona na kitambaa changu mkononi alitikisa kichwa.

"Hicho ni cha nini?"

"Sista alikataza mdomo. Kwa ajili ya kufunga."

"Sasa hapa kuna komunyo?"

"Nimezoea tu, fundi."

"Unachelewa tu," alisema, na alisema kweli. Weupe wetu ulitengenezwa kwa risasi, madini ileile iliyotoa askari wenyewe, na ndani yake ulichanganywa karibu kila rangi. Hakuna aliyetuambia lolote. Wala mimi sikuwa na hekima yoyote; nilikuwa na sharti la mtawa, basi.

Mwaka wangu wa tatu pale, Asajile alianza kushika tumbo. Linamkata, anajikunja, anakaa chini ya ukuta mpaka lipite, anarudi mezani. Alikonda. Ngozi yake ikawa na rangi ya majivu. Nyumbani kwake walisema kuna mtu amemwekea kitu, kwa sababu ya wivu wa kazi ya Mzungu, na mkwe wake akataka kumpeleka kwa mtaalamu wa Chimala. Yeye alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti, akakataa. Alikunywa magadi, akaendelea na kazi.

Ndipo ilipokuja kazi ya Kanali.

Kanali alikuwa mteja wetu mkubwa, mzee mpole mwenye nyumba ya mawe juu ya Iringa. Safari hii hakutaka makoti mekundu ya zamani. Alitaka ile vita ya kwanza, ya Waingereza na Wajerumani, iliyopita katika nchi yetu hii hii, na yeye mwenyewe akiwa luteni kijana ndani yake. Orodha yake ilikuja imeandikwa kwa mashine. Maofisa wa pande zote, daraja la kabati. Askari weusi na Wahindi, daraja la mkono. Mwishoni kabisa: wapagazi thelathini na sita wenye mizigo, daraja la meza.

Bwana Risasi aliwamimina kwenye kalibu mpya. Walikuwa wa mikao sita: wenye sanduku kichwani, wenye furushi begani, wawili wawili wenye machela. Walipotoka, Asajile aliwaokota mmoja mmoja, akawapanga kwenye ubao wake, na akaniambia maofisa niwachukue mimi.

"Maofisa ni wako, fundi," nilisema. "Mimi sijafika kabati."

"Umefika tangu mwaka jana. Sikutaka kukuvimbisha kichwa." Kisha akavuta kiti dirishani.

Siku ya pili nikaona anachokifanya. Mpagazi wa kwanza alikuwa na macho. Alikuwa na kidonda kisigino, chekundu, kimefungwa jani. Wa pili alikuwa mzee, ndevu zina mvi, macho yametazama chini mahali mguu utakapokanyaga. Wa tatu alikuwa kijana, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Hakuna wawili waliofanana, ingawa walitoka kalibu zilezile.

Nilisubiri Bwana Risasi aende posta, nikamwambia. "Fundi, hawa ni wa meza. Wewe ulinifundisha kazi itoshe mahali inapokwenda."

Alimaliza mstari wake kwanza. "Hawa hakuna anayejua walikokwenda," alisema.

Akanieleza kwa maneno machache. Alipokuwa bado anabebwa mgongoni, askari walikuja Rungwe wakachukua wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi kwenda upande wa Njombe na Iringa. Baba yake alikuwa ndani. Walioondoka kijijini kwao walikuwa kumi na mmoja, wakarudi wawili, na hao wawili hawakusema kitu cha maana mpaka kufa kwao. Hakuna kaburi. Mama yake alikaa miaka akipika chakula chenye fungu la mtu mmoja zaidi.

"Uso wa baba siujui," alisema. "Nikichora thelathini na sita tofauti, mmoja atamkaribia."

Nilichukua maofisa, na askari wengi wa mkono nikawachukua pia, ili kazi itoke kwa wakati na Bwana Risasi asiulize mbona fundi yuko taratibu. Nilikuwa nafika alfajiri.

Alikuwa amefika mpagazi wa kumi na tano hivi mkono ulipomwangusha. Aliunyanyua kuchukua brashi, na kiganja kikaning'inia kutoka kwenye kifundo kama jani la mgomba lililovunjika. Vidole vilikunja, lakini havikunyooka. Alikitazama kile kiganja kama cha mtu mwingine. Nilimshika bega, nikamlazimisha twende hospitali.

Daktari msaidizi aliyetupokea alikuwa kijana wa Kinyamwezi, mpole. Alimwambia Asajile afungue mdomo, akainua mdomo wa chini kwa kidole. Kwenye ufizi, chini kidogo ya meno, kulikuwa na mstari mwembamba wa bluu iliyokolea, kama uliochorwa na brashi nzuri.

"Unafanya kazi gani?"

"Rangi."

"Brashi unaiweka mdomoni?"

Asajile alinigeukia. Nikajibu mimi. Yule kijana akaeleza kwamba risasi inaingia mwilini kidogo kidogo, inakaa kwenye mifupa, haitoki kwa haraka, inakula tumbo, kisha mishipa ya mikono, na mwisho kichwa. Alisema aache kazi siku ile ile. Dawa ya maana hakuwa nayo.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na soko Asajile alisimama.

"Wewe hukutia mdomoni," alisema.

"Kwa ajili ya komunyo, kaka." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka.

"Basi Ukatoliki una faida moja," alisema, na tukaendelea.

Bwana Risasi aliposikia alikaa kitako juu ya sanduku. Nadhani alijua kitu, maana yeye mwenyewe alikuwa amevuta moshi wa chungu kile kwa miaka. Aliagiza Asajile aletewe maziwa kila siku, kama walivyofanyiwa wafanyakazi wa risasi kwao, na akamwambia aende nyumbani kupumzika. Asajile alikunywa maziwa na hakwenda. Alipasua mwanzi, akaufunga chini ya mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganjani ili kifundo kisimame, akashika brashi kwa vidole vitatu. Mimi nilikuwa namnyooshea ncha kwenye kitambaa changu. Alipaka, nikanyoosha, nikamrudishia. Hivyo ndivyo walivyomalizika wapagazi ishirini na mmoja wa mwisho. Sijapata kuona kazi kama ile, na nimeona nyingi. Wa thelathini na sita alipopakwa vanishi, Asajile alifungua ule mwanzi, akauweka dirishani, na mke wake akaja akamchukua. Hakurudi tena karakana.

Kanali alitaka kazi iletwe na mtu wa kurekebisha mikwaruzo ya safari, kwa hiyo nilipanda gari la Bwana Risasi na masanduku yaliyojaa maranda na pamba. Tekla nilimwacha kwa jirani. Tulipita Igawa vumbi likiingia mpaka ndani ya meno, tukalala Makambako, na mchana wa siku ya pili tukawa Iringa. Nilikuwa sijaona kwetu tangu ndoa.

Kanali alipokea askari kwa heshima. Aliwatoa mwenyewe kwenye pamba, akawapanga mezani. Maofisa wangu aliwasifu. Kisha akafika kwa wapagazi. Alichukua kioo cha kukuzia, akavuta kiti, akawatazama mmoja mmoja, wote thelathini na sita. Ilichukua muda mrefu sana. Nilifurahi, siwafichi. Nilidhani mtu aliyekuwepo kule, luteni kijana aliyeona watu wale kwa macho yake, amewatambua.

Aliweka kioo chini. "Hii pagazi, nani napiga rangi?"

"Fundi wetu, Asajile."

Aliongea na Bwana Risasi kwa Kiingereza, kisha akanigeukia, kwa Kiswahili chake cha jeshini, bila hasira. Kazi ni nzuri, alisema, nzuri sana. Lakini si kazi aliyoagiza. Pagazi mezani ni alama tu ya kuonyesha mzigo uko wapi. Hawa wanavuta macho. Mtu akitazama vita vyake hataona askari, ataona hawa. Aliwagusa kwa nyuma ya kidole, polepole, kama mtu anayegusa kitu cha moto. Kisha akasema nipeleke sanduku barazani, niwafanye wa meza.

Nilimtazama Bwana Risasi. Alitazama kofia yake. "Agnesta," alisema, "fanya."

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikukataa. Nimejiuliza mwenyewe. Ningekataa, ningerudi Mwanjelwa bila kazi, na shemeji alikuwa hajachoka kutuma salamu. Hiyo ni sababu ya kweli. Lakini nilikuwa pia nimezoea kutii, kwa masista, kwa mume, kwa bwana, na mkono wangu uliifuata amri kabla kichwa hakijaamua. Nilikaa barazani. Nilichanganya hudhurungi na nyeusi kidogo, nikaipunguza kwa tapentaini. Lazima iwe nyepesi mno, la sivyo inabandua rangi ya chini. Nikaanza na mzee mwenye mvi. Kivuli chini ya mzigo, mkupuo mmoja kupita nyusi, macho yakazima. Kidonda cha kisigino kikawa rangi ya mguu. Kijana aliyekuwa anatafuta pumzi nikamfunga mdomo. Niliwamaliza jua likiwa bado juu. Hapakuwa na mstari uliotoka nje, wala doa. Niliifanya kazi ile vizuri, kama nilivyofundishwa na mwenye kuwachora, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Waliporudi mezani walifanana, wamepangwa nyuma ya kilima cha mchanga, na Kanali akanishukuru.

Kesho yake tukarudi Mbeya.

Asajile alikuwa amehamishiwa kwao Rungwe. Nilikwenda Jumapili. Mvua ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha kule, migomba yote imeinama. Nilimkuta kitandani, mikono yote miwili imelala juu ya blanketi, viganja vimeanguka. Mke wake alitupa nafasi, akabaki mlangoni.

"Umefika Iringa?"

"Nimefika, kaka."

"Aliwaona?"

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya, njia nzima kutoka Mbeya. Haikuhitajika.

"Aliwaona. Aliwatazama mmoja mmoja kwa kioo, wote thelathini na sita. Hata maofisa hakuwatazama hivyo."

Alifumba macho. "Akasema nini?"

"Alisema wanavuta macho. Alisema mtu akitazama meza ile hataona askari, ataona hawa."

Sikuongeza hata neno moja, na sikupunguza ila lile la barazani. Akamgeukia mkewe mlangoni akamwambia maneno mawili kwa Kinyakyusa, na ingawa nilijua maneno machache ya lugha ile, hayo niliyaelewa yote mawili: *baba*, na *ameonekana*.

Alikufa kabla ya mavuno. Mwishoni alikuwa na degedege, hakumjua mtu. Bwana Risasi alizima chungu mwaka uliofuata akarudi kwao, nami nikarudi kwa watakatifu na vibao vya maduka, mpaka nikawakuta ninyi. Sheria ya kitambaa mliyokuwa mnainung'unikia mnajua sasa ilikotoka.

Nilikuwepo mazikoni. Watu walikuwa wengi, kama ilivyo desturi yao. Mjane alisimama kumzungumzia marehemu, akasema mumewe hakuacha shamba kubwa wala ng'ombe, ila kazi yake ya mwisho ilitazamwa kwa kioo na mkubwa mmoja wa Iringa, akashindwa kuondoa macho. Na kwamba wale waliochukuliwa zamani, waliokosa kaburi, sasa wanatazamwa. Akanionyesha mimi, kwamba shahidi ni huyu. Wazee wote wakanigeukia.

Niliitikia kwa kichwa.